Friji tupu si kosa la mama

Mwaka 1977 David Soukup, jaji wa Seattle, Marekani, aliyechoka kuamua hatima ya watoto kwa taarifa nusunusu, aliwaomba raia wa kawaida wawe macho yake. Ndipo ilipozaliwa CASA (Court Appointed Special Advocates), mpango wa watetezi wa watoto wanaoteuliwa na mahakama: mtu anajitolea, anafunzwa takriban saa 30, anaapishwa, anamfuatilia mtoto mmoja au wawili, kisha anamshauri jaji. Faida yake naikubali. Afisa ustawi ana rundo la mafaili na kesho huenda kaacha kazi. Mtetezi hubaki, na kwa mtoto anayehamishwa nyumba hadi nyumba, kuona sura ileile kila mwezi si jambo dogo.

Kinachonisumbua ni neno “kutelekezwa”. Takwimu za serikali ya Marekani za 2021 zinasema asilimia 76 ya watoto waliothibitishwa kutendewa vibaya walitelekezwa. Hao ni watatu kati ya kila wanne! Wapo walioachwa na njaa huku mzazi yuko kilabuni, hilo sibishi. Lakini mara nyingi neno hilo lina maana ya friji tupu kwa kuwa mshahara haujatoka, umeme uliokatwa, au wadogo walioachiwa dada yao mama akiwa zamu ya usiku. Wakongo wanaozungumza Kiswahili waliopelekwa huko kama wakimbizi wanajua: kwao dada kushika wadogo ndiyo malezi yenyewe. Anayepima tofauti hiyo ni mtu mwenye nafasi ya kujitolea, aghalabu mama wa Kizungu asiyewahi kukatiwa umeme. Nia yake njema, jicho lake la mgeni.

Utafiti wa Texas uliochapishwa 2020 ulikuta watoto wenye mtetezi wakirudi kwa wazazi kwa nadra zaidi kuliko wasio naye. CASA hujibu kwamba wao hukabidhiwa kesi ngumu. Ni kweli, ila watafiti walijitahidi kulinganisha kesi zinazofanana, na pengo likabaki.

Mjini New York walijaribu njia nyingine: mzazi apewe timu ya mwanasheria na mfanyakazi wa ustawi. Utafiti wa 2019 ulionyesha watoto wao walikaa malezi ya kambo, yaani kwa walezi waliopangiwa nje ya nyumba yao, kwa wastani wa siku 118 pungufu, bila usalama wao kuzorota. Mama wa namna ile sasa alikuwa na mtu wa kumweleza jaji kwa nini friji ilikuwa tupu.