Dar es Salaam haijapunguza mwendo, imevuka mpaka

Matokeo ya Sensa ya Watu na Makazi yalipotangazwa Dodoma tarehe 31 Oktoba 2022, namba iliyotawala mazungumzo ilikuwa 61,741,120. Ni sawa, maana nchi ilikuwa imeongeza karibu watu milioni 17 ndani ya miaka kumi. Namba inayonikosesha raha mimi ni nyingine, na haikupigiwa kelele. Mkoa wa Dar es Salaam, ambao kwenye sensa ya 2012 ulionekana kukua kwa asilimia 5.6 kwa mwaka, safari hii ulirekodi asilimia 2.1 tu, chini hata ya wastani wa taifa wa asilimia 3.2.

Tangu hapo nimewasikia watu wakisema Dar sasa imetulia, kwamba wanaotafuta maisha wamegeukia Dodoma na Mwanza. Siafiki. Anayesema hivyo amesoma mstari mmoja wa jedwali na kuuacha mstari wa jirani yake.

Jirani huyo ni Mkoa wa Pwani. Mwaka 2012 ulikuwa na watu 1,098,668. Mwaka 2022 ukawa na 2,024,947. Hiyo ni kasi ya takribani asilimia 6 kwa mwaka, na haikutokana na watu wa Mafia au Rufiji kuzaa kuliko Watanzania wengine. Ongezeko kubwa limekaa palepale Pwani inapogusana na Dar. Wilaya ya Mkuranga ilitoka watu wapatao 223,000 hadi kama 533,000. Kibaha Mjini nayo imezidi maradufu. Tena ukiingia ndani ya Dar yenyewe unakuta sura ileile: Kigamboni imekaribia maradufu, wakati Kinondoni, kwa mipaka yake ya sasa, imetoka 929,681 hadi 982,328 tu kwa muongo mzima. Katikati pamesimama na pembezoni panafurika.

Sasa ijumlishe mikoa yote miwili. Kati ya 2002 na 2012 Dar na Pwani kwa pamoja ziliongeza watu milioni mbili na kidogo. Kati ya 2012 na 2022 zikaongeza milioni 1.9 na ushee. Kwa asilimia kasi imeshuka, hilo nakubali, maana jiji likishakuwa kubwa kila nyongeza huonekana ndogo. Lakini barabara, zahanati na madarasa hayajengwi kwa asilimia. Yanajengwa kwa idadi ya watu, na idadi ya watu wapya ni karibu ileile.

Sababu haina fumbo. Ni ardhi na kodi ya nyumba. Kijana anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo pale Sinza au Tabata anapiga hesabu, anaona fedha hiyo ingempatia kipande cha shamba Vikindu, Mapinga au Visiga, huko Pwani. Ananunua, anapandisha boma kidogo kidogo, na siku akishaezeka vyumba viwili anahamia, madirisha yamezibwa kwa mabati. Anasema yuko kwake. Na kweli yuko kwake. Hakuna anayeweza kumlaumu kwa kukimbia kero za mwenye nyumba.

Uuzaji wenyewe ndio unaoniumiza. Shamba la mikorosho la mzee mmoja linagawanywa kwa warithi, kila mrithi anauza sehemu yake, dalali anapima kwa hatua zake mwenyewe, ishirini kwa ishirini, karatasi ya mauziano inaandikwa mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi, basi. Barabara haikuhesabiwa, kwa kuwa kila hatua iliyoachwa kwa ajili ya barabara ni hela ambayo muuzaji ameikosa. Miaka michache baadaye pana nyumba mia na njia inayotosha bajaji moja. Boza la maji halifiki, gari la kunyonya majitaka halifiki, na moto ukiwaka gari la zimamoto linaishia lami. Tuliyaona haya Manzese, tukayaona Mbagala, na sasa tunayaandaa upya Mkuranga tukiwa na takwimu mkononi. Hilo ndilo jipya. Wazee wetu walishtukizwa na ukuaji wa mji. Sisi tumehesabiwa na kuambiwa.

Kuna jambo moja kuhusu sensa ambalo ni rahisi kulisahau. Inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa, ambayo kwa 2022 ilikuwa tarehe 23 Agosti. Haijali mchana anashinda wapi. Kwa hiyo muuza viatu wa Kariakoo anayelala Mwandege ni mkazi wa Pwani, na takwimu zinamhesabu huko kihalali kabisa. Ila ushuru wa biashara yake unaingia Ilala. Mtoto wake anakaa kwenye darasa la Mkuranga. Mkewe anajifungulia kituo cha afya cha Mkuranga. Halmashauri ya alikolala inabeba mzigo, na mapato yake yanabaki alikoshinda. Hata mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, inatoka kwenye mfuko wa halmashauri husika, na huo mfuko haulingani kati ya Kariakoo na kijiji kilichogeuka mji juzi.

Nenda Vikindu saa kumi na moja alfajiri uone maana yake. Magari yanayotoka Mkuranga yanapita yamejaa hadi mlangoni. Wenye uzoefu wanavuka barabara na kupanda gari linaloelekea Mkuranga, yaani wanakwenda kwanza kinyume na kazini kwao, ili wageuze nalo wapate kiti. Wanalipa nauli mara mbili. Akina mama wenye ndoo za samaki na wanafunzi wenye sare za shule za mjini wanabaki kituoni, kwa kuwa kugombania dirisha hawawezi na nauli ya kugeuza hawana. Hawa ndio watu ambao asilimia 2.1 inatuambia hawakuja Dar.

Halafu tazama mabasi ya mwendokasi. Njia zake maalumu zilianzia Kimara mwaka 2016, zikaelekezwa Mbagala, kisha Gongo la Mboto na Tegeta. Zote nne zinaishia ndani ya Mkoa wa Dar es Salaam. Sipingi, huko nako kuna watu wengi. Lakini mpangaji aliyechora mwisho wa njia Mbagala amechora mahali ambapo abiria wengi wa Barabara ya Kilwa, ile inayokwenda Mkuranga, ndiyo kwanza wako nusu ya safari.

Maji yalishaelewa jambo hili zamani. DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, haijaishia kwenye mpaka wa mkoa. Inahudumia Kibaha, Bagamoyo, Mkuranga na Kisarawe pia, na haingeweza kufanya vinginevyo, kwa sababu mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini inayoinywesha Dar iko Pwani. Kwenye maji tumekubali kuwa huu ni mji mmoja. Kwenye usafiri, upimaji wa ardhi na taka bado tunajifanya ni miji tofauti.

Tena nadhani tulirudi nyuma Februari 2021, ilipovunjwa ile Halmashauri ya Jiji iliyokuwa juu ya manispaa zote, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji la Dar es Salaam. Hoja ya kubana matumizi naielewa. Matokeo yake lakini ni kwamba leo jiji linalotambuliwa kwa jina hilo lina watu 1,649,912 kwa hesabu ya sensa, na Temeke, Ubungo, Kinondoni na Kigamboni kila moja iko kivyake. Mkuranga na Kibaha ndiyo kabisa, ziko mkoa mwingine, chini ya mkuu wa mkoa mwingine.

Si Dar peke yake. Watanzania wanaoishi mijini wamefika asilimia 34.9, kutoka chini kidogo ya 30 mwaka 2012, na sehemu ya ongezeko hilo iko kwenye miji ambayo wengi wa Dar hawajawahi kukanyaga: Kahama, Tunduma, Katoro. Zanzibar nako, Mkoa wa Mjini Magharibi umefikia watu 893,169, karibu nusu ya Wazanzibari wote. Kila mmoja unahitaji makala yake.

Ninachotaka kwa Dar na Pwani ni chombo kimoja chenye mamlaka ya kisheria juu ya mambo matatu: usafiri wa abiria, mipango ya ardhi na taka ngumu, kuanzia Bagamoyo hadi Mkuranga na kutoka Kivukoni hadi Mlandizi. Mikoa ibaki miwili, wakuu wa mikoa wabaki wawili, madiwani waendelee na kata zao. Chombo hicho kipewe mgawo kutoka mapato ya halmashauri zote husika, kwa hesabu inayozingatia watu wanakolala na siyo tu maduka yaliko. Na kabla ya lolote lingine, kipite kwenye mashamba ya mikorosho na minazi ambayo hayajauzwa bado, kiweke bikoni, yaani alama za mipaka, za barabara. Upimaji kabla ya mauzo hauhitaji kubomoa nyumba ya mtu wala kulipa fidia ya ukuta.

Namba za kila kata zimeshachapishwa. Diwani wa Vikindu au wa Mapinga anaweza kuingia nazo kwenye kikao cha bajeti cha mwaka huu, bila kusubiri sensa ya 2032.