Jiajiri, sawa, ila nani ananunua?

Kila mwaka vijana wakimaliza chuo wanaambiwa yale yale, msisubiri ajira, jiajirini. Waziri anasema, mbunge anasema, motivesheni spika ndo usiseme tena yeye anakutoza kiingilio. Mi sipingi kujiajiri, nachopinga ni kuongea kana kwamba masikini ni mtu ambaye hajaamua tu kufungua biashara, maana pita Mbagala au Buguruni pale Dar alfajiri uone watu walivyokwisha tandika nyanya na mitumba chini, hao nao tuwaambie wajiajiri mara ya pili?

Wanaotetea wana hoja lakini. Serikali haiwezi kuajiri kila mtu na viwanda vyenyewe ndo hivyo. Na watu wanatoboa kweli. Dogo anachukua bodaboda ya mkataba, anapeleka hesabu kila siku mwaka mzima au zaidi, mwisho pikipiki inakuwa yake, baadae ananunua nyingine anampa mwenzie mkataba, keshakuwa bosi. Vicoba navyo, akina mama wananunua hisa kila wiki, wanakopeshana wenyewe kwa wenyewe, mwisho wa mwaka wanavunja wanagawana, ada za watoto zimelipwa hapo na mabati yamepatikana hapo, na hakuna mfadhili aliyeleta hata mia.

Sasa njoo kwenye soko. Mtaa mmoja magenge sita, mawakala wa pesa wamepangana kama meno, saluni kila kona, na wateja ni wale wale majirani ambao nao hela hawana. Ukimpa mtaji mtu wa saba afungue genge hujaongeza hela mtaani, umewagawa wateja tu. Mwaka 2015 zilichapishwa tafiti za mikopo midogo midogo toka nchi 6, Ethiopia, Moroko na India zikiwemo, na matokeo yalikuwa ya kawaida sana, biashara zingine zilipanuka kidogo lakini maisha kubadilika kabisa kama tulivyoahidiwa, hapana. Na hiyo ni mikopo ya taasisi zenye utaratibu, kausha damu sijaigusa, ile ya rejesho kila siku na ukikwama wanakuja kubeba friji.

Mwaka huo huo 2015 ukatoka utafiti mwingine, wa mpango ulioanzia kwa shirika la BRAC kule Bangladesh 2002. Hapa masikini wa kutupwa hakopeshwi. Anapewa mali ya kuanzia, mara nyingi mifugo, anapewa na hela ya kula kwa muda ili njaa isimlazimishe kuuza mbuzi, anafundishwa, na kuna mtu anamtembelea. Wakaujaribu nchi 6, kaya zaidi ya 10,000, na mwaka mmoja baada ya msaada kuisha watu bado walikuwa na hali nzuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Yani walijitegemea baada ya kubebwa kwanza. Najua hii itawaudhi wale wa "mi nilianza na buku tano", ila wabane vizuri, utasikia kulikuwa na mjomba mwenye fremu Kariakoo au dada aliyempa chumba bure miaka miwili.

Kwetu Tanzania tunayo ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, haina riba. Wazo zuri tu. Ila ilisimamishwa 2023 baada ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kukuta mabilioni hayajarejeshwa na vikundi vingine hewa, ikarudi 2024. Kurekebisha marejesho ni sawa, mi wasiwasi wangu ni kwamba wanakagua katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki kuliko kuuliza hao vijana watamuuzia nani.

Na muuzaji akishapata wateja tunamfukuza wenyewe. Desemba 2018 machinga aliuziwa kitambulisho cha 20,000 akaambiwa afanye biashara bila bughudha. Mwishoni mwa 2021 akaondolewa barabarani, mji ukawa msafi kweli na waenda kwa miguu wakapata njia, sikatai, lakini wengine walipelekwa maeneo ambayo hapiti mtu. Machinga anauza kwa anayepita. Kama tunamhamisha basi stendi ya daladala nayo ihamie hukohuko, tena ihamie kabla yake.