Mchango tuliufunga mapema mno

Mtoto wa mama yangu mdogo alianguka na bodaboda Mbagala Rangi Tatu. Hakuwa na helmeti. Ndugu, majirani na vijana wa kijiweni kwake tukafungua grupu la WhatsApp, tukachanga, akapasuliwa kuondoa damu iliyokuwa inagandamiza ubongo. Aliporuhusiwa tulimshukuru Mungu, grupu likavunjwa. Mweka hazina nilikuwa mimi, na leo nasema tulikosea.

Pigo la kichwa haliishii barabarani. Seli zilizopondwa palepale zimekwenda, lakini zinapokufa humwaga glutamati, kemikali ambayo seli za neva hupashana nayo habari. Ikizidi hugeuka sumu: kalsiamu hufurika ndani ya seli za jirani nazo zikafa. Ubongo unavimba, na fuvu halitanuki. Damu hupita kwa shida kwenye kiungo ambacho ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili ila hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni. Ndiyo maana wauguzi walikuwa wakimpima presha na oksijeni kila mara: walikuwa wanapigania seli ambazo bado zilikuwa hai.

Kisha seli za ulinzi, maikroglia, husafisha mabaki, na seli za msaada ziitwazo astrosaiti hujenga kovu kuzunguka jeraha. Kovu hilo huzuia madhara yasisambae, ingawa nyuzi za neva nazo hupata tabu kulipenya.

"Zilizokufa zitaota tena?" mama mdogo aliniuliza. Natamani ningemjibu ndiyo. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Nobel mwaka 1906, aliona neva za mtu mzima zikifa hazirudi. Mwaka 1998 watafiti wakaripoti neva mpya kwenye hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu, katika ubongo wa watu wazima. Mwaka 2018 tafiti mbili zikapingana: moja ilizikuta, nyingine haikuona kitu. Hata zikiwepo, hazitoshi kuziba pengo la jeraha kama lile.

Tumaini langu liko kwa zilizosalimika. Ubongo wa mtu mzima una neva takribani bilioni 86, na zinazobaki huweza kuchipua matawi mapya, zikaungana upya na kubeba sehemu ya kazi ya zilizokufa. Hayo huimarika kwa kutumika. Mkono usiotumika hupoteza hata njia zake zilizopona.

Na sisi tulimlaza chumbani. Tukamlisha, tukamvisha, tukamwogesha, yote kwa upendo. "Mwache mwanangu apumzike," mama mdogo alikuwa akisema. Mtaalamu wa mazoezi ndiye aliyetushtua: "Mama, mpe huo mkono wa kulia maharage auchambulie." Tangu siku hiyo anachambua, na shati anafunga vifungo mwenyewe. Inachukua muda mrefu. Mama yake hukaa pembeni akiwa amekunja mikono ili asimsaidie.

Tatizo ni kwamba mazoezi hayana mchango. Watu wa Dar tunatoa kwa moyo mtu akiwa mahututi. Akishafika nyumbani tunahesabu amepona. Yeye kwenye daladala bado hawezi kubanana, anahitaji bajaji kwenda na kurudi, na fedha iliisha kwenye upasuaji. Naamini kila mchango wa majeruhi wa kichwa utengewe fungu la mazoezi tangu siku ya kwanza, kabla hata bili ya hospitali haijatoka.

Jumapili nimelifungua tena lile grupu. Nimeandika: nauli ya bajaji na mazoezi, mara mbili kwa wiki, miezi sita. Wa kwanza kutuma ni kijana wa kijiweni.