Mtu anayejihisi kuandamwa hahitaji kushindwa hoja

Katika kikao cha familia na wahudumu nilichohudhuria hivi karibuni hapa Uingereza, ninakofanya kazi ya kuwasaidia wagonjwa wa akili majumbani mwao, mtu mwenye cheo kikubwa kuliko changu alitamka maneno ambayo bado yananikera. Tulikuwa tunajadili kama mgonjwa mmoja aombewe tiba ya uhalisia pepe, ile ya kuvaa miwani inayomweka mtu ndani ya mtaa au basi lililotengenezwa na kompyuta. Alisema kwamba mtu ambaye tayari hatofautishi ya kweli na yasiyo ya kweli hapaswi kuongezewa mengine ya uongo machoni, kwamba huko ni kumchezea, na kwamba dawa zinatosha. Wengi waliitikia kwa kichwa, na kikao kikahamia jambo lingine. Ninaandika kwa sababu kauli ya namna hiyo inasikika kama huruma, na kwa kuwa inasikika hivyo, inapita bila kupingwa huku wagonjwa wakiendelea kufungiwa ndani.

Kosa linaanzia kwenye namna tunavyouelewa ugonjwa wenyewe. Mtu akiamini kwamba anaandamwa, kwamba majirani wamepanga kumdhuru au kwamba wapita njia wametumwa kumchunguza, sisi tunaomzunguka hukimbilia kubishana naye. Tunamwuliza nani ana haja ya kumfuata, tunamletea jirani aape mbele yake, tunamwonyesha kwamba gari lililoegeshwa nje ni la fundi wa mabomba. Nimeona ndugu wenye mapenzi ya kweli wakifanya hivyo miaka nenda miaka rudi, na nimeona kila hoja yao ikigeuka kuwa ushahidi mpya dhidi yao: kwa nini wanajitahidi kiasi hiki kunifanya nisiwe na wasiwasi?

Ninamhudumia mzee mmoja, mtu wa pwani, anayeishi peke yake kwenye ghorofa, na dirisha la jikoni kwake linatazamana na duka lililo ng'ambo ya barabara. Tundu la kuchungulia mlangoni ameliziba kwa plasta ya kidonda. Mapazia hayafunguliwi mchana. Kando ya mlango kuna viatu vyeusi vilivyopigwa rangi vikang'aa, na nyayo zake ni safi kwa sababu havitoki. Ninapomwamkia shikamoo huitikia marahaba huku akitazama nyuma ya bega langu aone nimefuatana na nani. Siku moja nilimwuliza kwa nini ana hakika kwamba vijana wanaosimama nje ya duka lile wanamngoja yeye, naye akanijibu kwa upole kabisa: "Mwanangu, si unaniona niko hai? Ningekuwa mtu wa kutoka, usingenikuta."

Jibu hilo lina mantiki yake, na ndani yake mna siri yote ya ugonjwa huu. Kila siku anayobaki ndani salama, anahesabu kwamba kilichomwokoa ni kubaki ndani. Anayeinamisha uso ndani ya basi na kufika nyumbani mzima anaamini kwamba amefika kwa sababu aliinamisha uso. Mienendo ya kujikinga inamnyima mtu nafasi ya kugundua kwamba hatari aliyoiogopa haikuwapo, na hofu inaishi kwa miaka bila kupimwa hata mara moja. Hakuna maneno ya ndugu, ya daktari wala yangu yanayoweza kuivunja mantiki hiyo, kwa maana imejengwa juu ya mambo aliyoyaishi mwenyewe. Inayoweza kuivunja ni tajiriba nyingine, nayo lazima aipate mwenyewe, kwa mwili wake, akiwa mahali anapopaogopa.

Daniel Freeman, mtaalamu wa saikolojia tiba wa Chuo Kikuu cha Oxford, ameutumia uhai wake wa kitaaluma kwenye jambo hili moja. Alipokuwa bado King's College London, mwaka 2008, yeye na wenzake walichapisha utafiti ambamo watu 200 wa kawaida kabisa walipandishwa treni ya chini ya ardhi ya London iliyotengenezwa na kompyuta, ikiwa na abiria waliobuniwa wasimwelekee mtu kwa uzuri wala kwa ubaya. Wengi waliwaona abiria hao kuwa wema au wasio na neno, lakini si wachache walioshuka wakihisi kwamba kuna aliyewakodolea macho kwa nia mbaya. Abiria walikuwa walewale, safari ileile. Shuku ilitoka ndani ya mtazamaji, na haikuwa mali ya wagonjwa peke yao.

Kisha mwaka 2016 ukaja utafiti ambao ningependa kila mtu aliyekuwapo kwenye kikao kile ausome. Wagonjwa 30 wenye imani za kuandamwa waliingizwa kwenye treni na lifti za aina hiyo. Nusu yao waliambiwa wakabiliane na hali huku wakiendelea na kinga zao za kila siku. Wengine waliombwa waziweke kando: wawasogelee abiria, wawatazame usoni, wasimame karibu nao, na waone kitakachotokea. Hakikutokea kitu. Mwisho wa siku hiyohiyo, zaidi ya nusu ya wale walioweka kinga kando hawakuwa tena na imani kali za kuandamwa, na walijiweza zaidi hata walipopelekwa nje kwenye mazingira halisi, wakati kundi la kwanza lilisonga mbele kidogo tu. Watu wote walivaa miwani ileile, kwa hiyo haiwezi kuwa miwani iliyofanya kazi. Kilichofanya kazi ni kujifunza, na miwani ilikuwa mahali pa kujifunzia.

Hapa ndipo ninapolikataa moja kwa moja dai la kwamba tunamwongezea mgonjwa uongo. Mgonjwa anajua kwamba basi lile limetengenezwa na kompyuta. Ameona mtu akimvalisha kifaa, na anaweza kukivua wakati wowote. Lakini moyo unamwenda mbio vilevile, viganja vinamtoka jasho vilevile, na macho yanakimbia nyuso za abiria kama yanavyozikimbia barabarani. Kwa kuwa anajua si kweli, anathubutu kujaribu asichoweza kukijaribu nje, na kwa kuwa mwili wake unaitikia kana kwamba ni kweli, anachojifunza humo anatoka nacho. Mtu anayeona hilo kuwa ni kumchezea mgonjwa na aniambie ni wapi pengine mtu aliyejifungia ndani kwa miaka anaweza kuingia kwenye mkahawa uliojaa watu, akatetemeka, akasimama palepale, akarudia tena, bila mtu yeyote kumshangaa.

Wazo hilo ndilo lililozaa gameChange, tiba ambayo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet Psychiatry. Washiriki walikuwa 346, wote wagonjwa wa saikosisi, yaani ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ashindwe kutofautisha ya kweli na yasiyo ya kweli, waliokuwa wakiogopa na kukwepa kutoka nje, kutoka taasisi tisa za NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza. Ndani ya miwani kuna mkufunzi aliyetengenezwa na kompyuta, aitwaye Nic, anayemwongoza mtu kwa sauti tulivu, na kuna mahali pa kuchagua: mlangoni pa nyumba yako ukielekea barabarani, dukani, kwenye mkahawa, kwenye baa, ndani ya basi, na katika chumba cha kungojea daktari. Ugumu unapanda ngazi kwa ngazi. Kila kipindi huchukua takriban nusu saa, na anayekaa na mgonjwa chumbani si lazima awe mtaalamu wa saikolojia. Anaweza kuwa mtu aliyewahi kuugua na akapata mafunzo ya kuwasaidia wenzake. Waliopitia ugonjwa huu walishiriki pia kuibuni, kupitia McPin, taasisi ya utafiti wa afya ya akili, na ndiyo maana kuna chumba cha kungojea daktari. Sidhani kama mhandisi peke yake angewaza kwamba viti vilivyopangwa kuutazama mlango vinaweza kumtia mtu hofu kiasi cha kukosa matibabu.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba matokeo hayakuwa miujiza. Kwa wastani nafuu ilikuwa ya kiasi. Walionufaika sana walikuwa wale waliokuwa na hali mbaya zaidi, ambao karibu hawatoki kabisa, na kwao nafuu ilikuwa bado ipo miezi sita baadaye. Vilevile nchini Uholanzi, Roos Pot-Kolder na wenzake walichapisha mwaka 2018 jaribio la wagonjwa 116 waliopewa hadi vipindi 16. Shuku na wasiwasi vilipungua, lakini muda wanaokaa na watu wengine haukuongezeka kama ilivyotarajiwa. Kuhusu sauti ambazo wagonjwa husikia kuna tiba iliyoanzishwa na daktari wa akili, marehemu Julian Leff, ambamo mgonjwa hutengeneza sura ya anayemsemesha na kujifunza kumjibu. Nayo ina matokeo mazuri, lakini hiyo ni habari ya siku nyingine. Wala sitaki mtu yeyote asome haya akaacha dawa zake. Katika majaribio haya tiba iliongezwa juu ya huduma za kawaida, dawa zikiwamo.

Lakini kusema "dawa zinatosha" ni jambo jingine. Freeman na timu yake walichukua watu 130 ambao imani zao za kuandamwa ziliendelea licha ya matibabu, wakawapa baadhi yao mpango uitwao Feeling Safe kwa miezi sita, na wengine wakapewa mtaalamu wa kukaa nao na kuzungumza nao kirafiki. Mpango huo haushambulii imani yenyewe kwa mabishano. Unashughulikia vinavyoilisha: wasiwasi usiokoma, usingizi mbovu, mtu kujidharau, sauti anazosikia, na kinga anazojiwekea, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayechagua aanze na lipi. Matokeo yalitoka mwaka 2021, na karibu nusu ya waliopewa mpango huo walipona imani ile iliyowatesa. Nusu ya watu ambao matibabu ya kawaida yalikuwa yameshindwa kuwafungua. Tangu mwaka 2014 mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu kwa NHS, unasema kwamba kila mwenye saikosisi apewe tiba ya utambuzi na tabia, yaani tiba ya mazungumzo inayomsaidia mtu kuyapima mawazo na mienendo yake, vipindi visivyopungua 16, na bado ninaingia kila wiki kwenye nyumba za watu ambao hawajawahi kupewa hata kimoja.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana, nalo linatuhusu sisi Waafrika tunaoishi huku. Tafiti za Uingereza zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba Waafrika na watu wa asili ya Karibiani hapa wanapatwa na saikosisi kwa kiwango kikubwa kuliko Waingereza weupe. Ukiwa mweusi katika mji ambao weusi ni wachache, kuna macho yanayokufuata dukani kweli, na kuna kijana atakayekutukana kweli kutoka kwenye dirisha la gari. Tiba inayomwambia mtu huyo kwamba kila tishio ni la kichwani mwake itakuwa inamdanganya, naye atajua. Wataalamu wa Uholanzi wakiongozwa na Wim Veling walilitazama hilo kwa makini: katika mkahawa wao wa uhalisia pepe walibadilisha idadi ya watu, asili yao, na kama nyuso zao zilikuwa za uadui. Huo ni uwezo mkubwa, kwa sababu unamruhusu mgonjwa ajifunze kutofautisha chumba chenye uhasama na chumba ambacho watu wanakunywa kahawa zao tu. Mzee wangu hahitaji kuambiwa kwamba dunia nzima inampenda. Anahitaji kuweza kupima upya, leo, kama vijana wa pale dukani wana haja naye.

Nic anazungumza Kiingereza. Mzee yule anakijua Kiingereza cha kazini alikokuwa akifanya kazi miaka ya nyuma, lakini hofu zake anazieleza kwa Kiswahili, na anapozidiwa ni Kiswahili tu kinachobaki. Baa ya Kiingereza haimsumbui kwa sababu hakuwahi kukanyaga huko. Kinachomsumbua ni duka, na ni ngazi za ghorofa yake, hasa pale zinapopinda na huoni anayepanda. Mwaka 2023 NICE iliruhusu gameChange itumike katika NHS huku ushahidi zaidi ukikusanywa, na ukusanyaji huo ndio wakati wa kusema haya. Sauti ya mkufunzi inaweza kurekodiwa kwa lugha nyingine, mandhari yanaweza kuongezwa, na kifaa chenyewe kinabebeka hadi chumbani kwa mtu asiyeweza kufika kliniki. Nimeandika jina la mzee kwenye fomu ya maombi, kwa ridhaa yake, na penye sehemu ya mahitaji maalumu nimeandika kwamba anahitaji mtu wa kukaa naye anayezungumza Kiswahili, na kwamba mimi nipo tayari kufundishwa.