Hakuna Aliyeuliza London Gani

Wale mmeshapata voisi ya klas repu, yaani kiongozi wetu wa darasa, ile anacheka mpaka anakohoa, naomba muisikilize mkijua kwamba huyo jamaa hajawahi kusimulia kitu bila kuongeza chumvi, tangu tukiwa chuoni. Ati kwenye ile simu ya vidio nilikuwa na boksa. Ilikuwa kaptula ya kuchezea mpira. Ina mistari miwili kando. Hiyo tofauti nitaitetea hata kortini. Hayo mengine aliyosema, sawa, tuyaongee.

Kwanza muelewe grupu letu. Tulimaliza diploma 2015, siku ya gauni tukaapa kila Desemba tutakutana, na hiyo Desemba mpaka leo haijafika. Tulianza na Facebook, ambako siku hizi kumebaki picha za mahafali na mtu mmoja anayeuza viatu vya mtumba, tukahamia WhatsApp. Sasa WhatsApp inakubali watu 1,024 kwa grupu moja, sisi hata kujaza matatu mbili hatuwezi, lakini tuko na magrupu manne. La klasi nzima, la michango, la wale hawamtaki klas repu (yeye mwenyewe yumo, aliingizwa na mtu kimakosa na hakuna mwenye roho ya kumtoa), na la kupanga bathidei ya msichana fulani ambayo ilipita kitambo lakini watu walinogewa wakabaki humo.

Lile kubwa huwa kimya kama hakuna msiba ama harusi. Kuna mmoja hajawahi kutusalimu lakini akifufuka anafufuka na namba ya kutumia mchango. Watu wanakopi ya aliye juu yao, "pole sana kwa familia", siku moja tuliandikia bwana harusi pole mpaka akauliza kama kuna kitu tunajua kuhusu bibi arusi. Mimi nasema hivi, grupu la klasi haliunganishi mtu na mtu, linawapanga tu foleni kulingana na mshahara.

Sasa klas repu akaleta ile kitu yake ya kila mtu aseme yuko wapi siku hizi. Wueh. Mlipaswa kuona. Mmoja akaandika yuko kwenye sekta ya uchukuzi, namjua, ana boda Mamboleo, kule Kisumu, na ni boda safi sana sijui mbona anaificha. Mwingine ni "mkurugenzi". Wa nini, hakusema. Kwenye hiyo foleni yote nani angeandika anauza dawa ya kupe kwenye agroveti? Na mimi ndio nilikuwa nimetoka kuhama Kaptembwo, nimechoka, godoro bado limeegemea ukuta, nikaandika ukweli wangu mtupu: "London kwa sasa. Mungu ni mwema."

Kwa wale hawajatembea Nakuru: London ni mtaa. Ni wadi kabisa, ina diwani, iko eneo bunge la Nakuru Town West, upande wa Menengai, kule jalala la Gioto liko, upepo ukigeuka huhitaji kuambiwa. Hiyo Mungu ni mwema niliiweka kwa sababu kodi ilikuwa nafuu na choo kiko ndani.

Nikaweka simu chini nipange vyombo. Kurudi, hongera zimejaa. "Bro umetoboa." "Usitusahau huko kwa Mfalme Charles." "Omera, siku hizi si mwenzetu." Nikaanza kuandika "haha si hiyo London", naapa nilikuwa nimefika hapo kwa "hiyo", halafu ikaingia meseji inbox. Kutoka kwa yule dada aliyekuwa anakaa mbele. Huyu dada miaka yote ya chuo aliniita "wewe". Wewe nisogezee kiti. Wewe umeona mwalimu. Leo ameandika jina langu lote, spelingi sawasawa, na kopa nyekundu mwishoni.

Nikafuta ile ya "haha".

Mnipige mawe lakini mniambie kama nyinyi mngemalizia kuandika.

Baada ya hapo mambo yakajipeleka yenyewe. Na nataka muone kwamba sikudanganya mahali popote. Wakauliza London upande gani, nikajibu West. Si ni Nakuru Town West? Wakauliza ni jijini kabisa ama nje, nikasema jijini, na Nakuru ni jiji tangu Desemba 2021, karatasi zipo. Wakauliza mbona bado natumia laini ya Safaricom, nikasema ni romingi, na hapo... hapo sawa, hapo niliteleza kidogo. Mwingine akataka posikodi anitumie kadi, nikaandika 20100 haraka haraka, akasema ajabu, alidhani za kule huwa na herufi. Nikamwambia mambo yanabadilika.

Shida ya kuwa mtu wa majuu ni gharama. Mweka hazina akatangaza kwamba "diaspora" watakuwa wanachanga mara mbili ya wengine. Kwa hiyo kila msiba wa klasi mimi natoa yangu na ya London, halafu nakula sukuma na ugali mpaka mwisho wa mwezi kwa sababu ya kuishi Uingereza. Yule wa boda alikuwa anatoa kidogo kuniliko na analala akiwa ameshiba samaki.

Ndio Juni hii wakaamua kukutana kweli. Dunga, pale Kisumu ufukweni, Jumamosi jioni, samaki wa ngege na mbuta na ugali wa kukata na kamba. Ningepanda matatu ya Kericho mchana ningekuwa hapo kabla ya jua kuzama, lakini mtu wa London anafikaje Dunga na matatu ya Kericho? Nikasema kazini wamekataa kunipa ofu. Klas repu akasema hakuna neno, tutakupigia vidio, tutakuweka kwa tivii ya hoteli kila mtu akuone.

Nilijipanga. Msione nimeaibika mkadhani sikujipanga. Nilitundika blanketi kwa dirisha, giza la Nakuru lisionekane. Nikanunua balbu kubwa ile nyeupe, ukuta wote ukang'aa mchana kweupe. Nikavaa jaketi zito, skafu, na mavin, ile kofia ya baridi. Chini kaptula, kwa sababu joto la hiyo balbu na hilo jaketi nilikuwa natokwa jasho mpaka kwa viganja, na kamera si inaona kifuani tu. Simu nikaiegemeza kwa mtungi wa lita ishirini. Hata masaa nilikuwa nimekariri, Uingereza wako nyuma yetu masaa matatu, saa moja yetu ni saa kumi yao.

Simu ikalia saa moja kamili. Kuingia hivi naona meza ndefu, sahani, watu wamenenepa, kelele, wote wamegeukia tivii. Na yule dada wa mbele yuko karibu kabisa, ananipungia mkono. Na kwa kona ya skrini, kwa kisanduku kidogo, kuna mtu mwingine ambaye hakuna aliyenionya: mwenzetu mmoja anayefanya kazi ya kutunza wazee Manchester. Manchester ile yenyewe.

"Habari za mchana huko," klas repu ananiuliza.

"Safi tu, ndio saa kumi hapa, baridi si baridi."

Yule wa Manchester akaangalia saa yake. Polepole. "Saa kumi? Kwangu ni saa kumi na moja."

Hapo ndio nilijifunza kwamba wale watu wakifika majira ya joto wanasukuma saa zao mbele saa moja. Mbona hamkuniambia? Nikacheka cheko la mtu mkubwa, nikasema saa ya ukutani imeharibika. Akasema na kwake jua limewaka, litakuwepo mpaka kama saa tatu na nusu usiku, mbona mimi nimejifunika hivyo kama mtu wa kupanda Mlima Kenya? Nikasema kazi yangu iko kwenye friji. Meza yote ikasema ooooh. Dada wa mbele akasema pole. Jamani ilikuwa inaenda vizuri.

Halafu punda akalia.

Hapa kwetu maji ya kununua yanaletwa na mkokoteni wa punda, na huyu punda alikuwa amesimama nje ya dirisha langu, nyuma ya blanketi, akalia ile kilio ya kuanzia chini inapanda inakatika inaanza tena. Kisumu kote kimya. Nikaona uma umesimama hewani. Mtu akauliza, "Hiyo ni nini?" Nikajibu, na sijui ilitoka wapi, "Ni treni."

Wangeamini. Mbili tatu walikuwa wanatikisa kichwa. Lakini kwa kona ya macho nikaona ile taa nyekundu ya mita inamulika, na nikakumbuka tokeni za stima. Balbu yenyewe ndio ilikuwa imezila. Nikasema moyoni, dakika mbili tu, nipe dakika mbili tu niage na heshima.

Pap. Giza.

Sasa picha ikabaki uso wangu, umemulikwa na simu kutoka chini, mavin imeshuka mpaka kwa nyusi, jasho linang'aa. Mwanamke mmoja hata si wa klasi yetu, alikuwa amekuja kula samaki zake, nikamsikia anasema "yawa!" Na hapo hapo mlango ukagongwa ile ya kiganja.

"Nambari tisa! NAMBARI TISA! Maji imekuja! Leta mitungi haraka, saa mbili nafunga!"

Keateka, yule mtunza nyumba wa ploti yetu.

Ningekata simu. Najua. Kila mtu ananiambia ningekata simu. Nyinyi mko kwa viti vyenu mmetulia. Mimi niliruka, nikasema moyoni niizime sauti kwanza, kidole chenye jasho kikateleza kikabonyeza ile ya kugeuza kamera, nikabonyeza tena ikarudi kwangu nikiwa nimesimama, yaani jaketi, skafu, halafu KAPTULA, mistari miwili, na magoti yangu haya, nikabonyeza tena ikageuka, na wakati huo nimeshika simu imeelekea mlangoni, na mlango sikuwa nimefunga na komeo, na keateka amesukuma ameingia na tochi. Nyuma yake punda, ameingiza kichwa kuangalia.

Keateka ni mtu mwenye adabu sana. Akaona nyuso zimejaa kwa simu, akadhani ni familia yangu. Akavua kofia. "Hamjambo huko nyumbani?"

Tivii nzima ya Dunga ikajibu, "Hatujambo!"

"Mko wapi nyinyi?"

"Kisumu!"

"Ah, Kisumu! Samaki!" Akajimulika uso na tochi ili waheshimiwa wamuone vizuri. "Sisi tuko hapa London. Karibuni sana London."

Kukawa kimya kwanza. Nilisikia mawimbi ya ziwa, si utani. Halafu jamaa mmoja wa mwisho kabisa wa meza, ambaye nilikuwa nimesahau ameoa Nakuru, akasimama na mfupa wa mbuta mkononi akauliza polepole, "Mzee... ni London ya Gioto?"

"Hiyo hiyo! Unaijua? Mkishuka tu stejini ulizeni keateka, mimi nitawaleta mpaka kwa mlango wa huyu kijana. Kodi yenyewe yuko nyuma kidogo lakini ni mtu mzuri."

Ile sauti iliyotoka Dunga mimi sijawahi kuisikia hata uwanjani Gor Mahia ikifunga. Kiti kilianguka. Yule wa Manchester alikuwa ametoweka kwenye skrini, inabaki dari tu na mtu analia kwa kicheko. Na yule dada wa mbele, wa kopa nyekundu, amejifunika uso na leso, mabega yanatetemeka, anasema, nilimsikia vizuri, "Wewe! Aki wewe!"

Nimerudi kuwa wewe.

Yaliyofuata nayapitisha mbio. Simu ilikufa chaji. Maji nilichota, mitungi mitatu, keateka akinishikia tochi na kuniuliza kama wale ndugu zangu hucheka hivyo kila siku. Kuweka tokeni nikakuta meseji kuliko tokeni. Grupu limebadilishwa jina, sasa linaitwa Mfalme wa Gioto. Kuna stika ya punda amevaa mavin. Mtu ametengeneza pasipoti yangu ya Nakuru Town West, na kusema ukweli ile picha nimetoka vizuri. Nilimwandikia mweka hazina anirudishie ile michango ya mara mbili yote, akanijibu kwa neno moja tu, "Romingi."

Yule wa boda pekee ndiye alinipigia simu, akaniambia nisijali, hata yeye sasa ataandika ana boda. Akaandika kweli. Walimpigia makofi. Mimi walinitumia punda.

Na hivi ninavyoandika wamepiga kura, mkutano wa Desemba hauko Dunga tena, utafanyika London, kwangu, na kwa vile mimi ndio mwenyeji wa majuu nyama ni juu yangu. Keateka amesema atatuachia uwanja wa kuanikia nguo. Kwa hiyo aliye Nakuru na anajua mtu wa mbuzi ambaye hapandishi bei Krismasi, tafadhali njoo inbox. Na kama una punda, usije naye.