Saa Moja ya Jumapili ni ya Watoto Wetu

Tangu Januari 2019, ibada ya Jumapili katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo wengi hapa Nairobi bado wanaliita kanisa la Wamormoni, huchukua saa mbili badala ya tatu. Russell M. Nelson, Rais wa kanisa wakati huo, alitangaza badiliko hilo kwenye mkutano mkuu wa Oktoba 2018, na sababu ilielezwa wazi: injili ifundishwe kwanza nyumbani, kanisa lisaidie. Saa ile ilitoka kanisani ikaletwa sebuleni kwetu. Maoni yangu, nikiwa mama wa watoto watatu na muumini anayelipenda kanisa lake, ni kwamba tumeanza kuwanyang'anya watoto saa hiyo, na tunapaswa kuwarudishia.

Msomaji asiye wa dini yetu ataniuliza: saa moja tu, kelele za nini? Basi ajue kwamba katika kata zetu, yaani makusanyiko yetu ya mtaani, hatuna mchungaji wa mshahara. Askofu ana kazi yake ya kila siku kama watu wengine, na kata anaiongoza bure. Anayewafundisha watoto wa Msingi, yaani madarasa ya watoto ya Jumapili, anayecheza piano, anayetunza kumbukumbu, anayekwenda kumwona mgonjwa, wote ni waumini wa kawaida walioitwa. Huo ndio wito. Baba watoto ana wito katika akidi ya wazee, kundi la wanaume wa kata, mimi nina wangu katika Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, na hakuna hata mmoja wetu anayetaka kuachishwa. Kumtumikia mtu bila malipo kumetufundisha mengi. Lakini wito huja na vikao, simu za usiku, na majina ya watu wanaosubiri kutembelewa, na yote hayo huingia katika wiki ileile ya kazi na shule.

Na wiki yenyewe tunaijua. Tunaishi Kitengela, kazi zetu ziko mjini. Anayeifahamu Barabara ya Mombasa asubuhi hahitaji kuelezwa ni kwa nini tunatoka nyumbani kabla ya jua, na ni kwa nini jioni tunamkuta kitindamimba ameshalala na sare yake ya chekechea mwilini. Kifunguamimba yuko Gredi ya 9. Wa kati anatimiza miaka minane. Mtaala wa umilisi nao unamtaka mzazi ashiriki: picha za kuchapisha, vitu vya kutengeneza, kazi ya kutia sahihi. Siulaumu mtaala, mtoto wangu amejifunza kupanda sukuma wiki kwenye magunia na anaijua kazi hiyo kunishinda. Nasema tu kwamba kazi hiyo nayo inahitaji mtu mzima aliye macho.

Kinachonishangaza ni jinsi hatua za watoto zinavyogongana. Kwetu, mtoto mchanga hubarikiwa mbele ya kata. Akifika miaka minane anaweza kubatizwa. Januari ya mwaka anaotimiza miaka 12, mvulana anaweza kutawazwa shemasi, msichana anaingia darasa la Wasichana, na wote wawili wanaweza kuingia hekaluni kubatizwa kwa niaba ya wafu. Kwa watoto wa Kenya jambo hilo lilimaanisha safari hadi hekalu la Johannesburg, hadi hekalu la Nairobi lilipowekwa wakfu Mei 2025. Akikaribia miaka 14 huanza seminari, masomo ya maandiko ya miaka minne. Sasa chukua kalenda ya shule uiweke juu ya hiyo. Miaka 12 ndiyo inayoangukia karibu na tathmini ya Gredi ya 6. Seminari inaanza wakati mtoto anajiandaa kwa tathmini ya Gredi ya 9. Mtoto huyohuyo, kichwa hichohicho, na wazazi walewale waliochoka. Hatua hizi zote zinahitaji mazungumzo, na mazungumzo hayafanyiki ndani ya matatu.

Ndiyo maana alasiri ya Jumapili imekuwa na thamani kubwa kwetu. Wiki hizi tunamwandaa wa kati kwa ubatizo wake. Tunasogeza meza, baba yake anasimama katikati ya zulia na kumwonyesha: mkono wa kulia wa baba utainuliwa juu, wewe utashika kifundo cha mkono wangu wa kushoto, na mkono wako mwingine utabana pua. Kisha anamlaza taratibu mpaka mgongo ugusane na mto wa kochi. Dada yake anasimama pembeni, macho makali, kwa sababu yeye atakuwa shahidi. Tangu Oktoba 2019 muumini yeyote aliyebatizwa, wakiwemo wanawake na watoto, anaweza kuwa shahidi wa ubatizo. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya wanaume wenye ukuhani. Kazi ya shahidi ni kuhakikisha kwamba mwili wote umezama, hata kidole kisibaki juu ya maji. Zoezi la kwanza dada mtu alimwambia, "Rudia, dole gumba la mguu limetokeza." Tukarudia.

Baadaye, tukiwa tunamenya njugu, mvulana akauliza: "Mama, nikishabatizwa halafu nigombane na dada, itabidi nibatizwe tena?" Hilo ni swali la theolojia lenye uzito wake wote, limetoka kwa mtoto wa miaka saba. Baba yake alimjibu kuhusu mkate na maji ya sakramenti, kwamba kila Jumapili tunaikumbuka ahadi ile na kuifanya upya, na kwamba ndiyo maana hatuchezi wakati sinia inapita. Mtoto akanyamaza, akamenya njugu kadhaa, akasema, "Kwa hiyo ile ni ya kurekebisha." Mwalimu wake wa Msingi ni hodari na anampenda sana, lakini katika dakika hamsini zenye watoto wengi swali kama hilo lingepata nafasi wapi? Linahitaji alasiri isiyo na haraka. Linahitaji njugu.

Maandiko yetu yenyewe yako wazi juu ya nani ana jukumu hili. Sehemu ya 68 ya Mafundisho na Maagano, ya Novemba 1831, inawataka wazazi wawafundishe watoto imani, toba na ubatizo kabla ya miaka minane, na inasema wasipofanya hivyo dhambi itakuwa juu ya vichwa vya wazazi. Haikutajwa kamati. Jukumu hilo halikupewa kigingi, yaani muungano wa kata kadhaa.

Ukiitazama historia ya kanisa utaona kwamba hii si mara ya kwanza tunarudishiwa muda. Mwaka 1915, chini ya Rais Joseph F. Smith, familia zilihimizwa kutenga jioni ya nyumbani ya kusoma, kuimba na kuzungumza pamoja. Mwaka 1970 Jumatatu ikatengwa kanisa zima kwa ajili hiyo. Mwaka 1980 mikutano iliyokuwa imetawanyika katika wiki ikakusanywa kuwa saa tatu za Jumapili, ili watu wapunguziwe safari na gharama. Kisha 2019, saa mbili. Mimi ninasoma mfululizo huo hivi: kila kizazi viongozi wameona ratiba ya kanisa ikiimeza nyumba, wakairudisha nyuma, nasi waumini, kwa bidii zetu nzuri, tukaijaza tena. Aliyeijaza si adui. Ni mimi na wewe, watu wenye moyo wa kazi.

Sisi Wakenya tuna sababu zaidi ya kulielewa hili. Serikali ililitambua rasmi kanisa hili mwaka 1991. Kabla ya hapo waumini wachache wa Nairobi walikusanyika majumbani. Joseph W. Sitati, aliyebatizwa 1986 pamoja na familia yake, alianzia katika mikusanyiko hiyo ya nyumbani, na mwaka 2009 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuitwa kuwa Kiongozi Mkuu wa Sabini, kundi la viongozi wa kanisa lote duniani. Mwaka 2021 ndiye aliyeongoza uzinduzi wa ujenzi wa hekalu la Nairobi. Kanisa la Kenya lilikulia kwenye makochi ya watu. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kujifunza nyumbani ni mtindo wa Utah, jimbo la Marekani yaliko makao makuu ya kanisa, usiotufaa, namwomba awaulize wazee wetu walianzia wapi.

Sasa nani anaichukua saa hii? Kwanza ni sisi wenye wito. Ibada inaisha, watoto wana njaa, na mtu anasimama mlangoni: "Dada, tafadhali, kikao kidogo tu, dakika kumi." Baraza, mafunzo, mazoezi ya kwaya, maandalizi ya shughuli ya vijana. Kikao kidogo huzaa kingine, na watoto hukaa kwenye ngazi wakichezea simu hadi saa nane. Kila kikao peke yake kina sababu nzuri. Vikijumlishwa, vinakuwa ileile saa ya tatu, isipokuwa sasa watoto hawana hata darasa la kukaa.

Pili ni shule, na hapa nitasema kwa mkazo. Ujumbe wa saa mbili usiku Jumapili, "Wazazi, kesho kila mtoto aje na vifuniko vya chupa, gundi na katoni," unaiharibu jioni ya nyumba nzima, ya Mkristo na asiye Mkristo. Mwalimu aliyejua Ijumaa angesema Ijumaa. Waajiri nao wamezoea kutuma barua pepe Jumapili wakisema si lazima ujibu leo, na wanajua fika kwamba utajibu.

Tatu ni sherehe. Nimeona ubatizo wa mtoto ukiahirishwa miezi kadhaa kwa sababu pesa za hema na keki ya ghorofa hazijatimia. Siku ya ubatizo wetu tutapika pilau, nyanya yao atakuja kutoka Bungoma, tutaimba. Inatosha. Mtoto anachotakiwa kukumbuka ni maji, mkono wa baba na maneno aliyoambiwa.

Wapo wanaonipinga, na ninawaheshimu. Wanasema saa mbili ni chache mno kwa mtu aliyelipa nauli kutoka mbali. Alifika, akaimba, na kabla hajawasalimia watu wameshatawanyika. Wanasema pia kwamba mimi nazungumza kama mtu mwenye mume muumini na sebule, ilhali kata zetu zimejaa waumini walio peke yao katika familia zao: mjane, kijana wa chuo, mama ambaye nyumbani kwake jina la kanisa halitajwi. Kwao, saa ya tatu ilikuwa familia. Hoja hii ya pili ni nzito kuliko zote nilizozisikia, na kwangu jibu lake si kurudisha saa kanisani. Jibu ni kuifungua nyumba. Dada mmoja wa kata yetu, mwanafunzi wa uuguzi, huja kwetu Jumapili nyingi, tunasoma *Njoo, Unifuate*, kitabu cha kanisa cha kujifunzia nyumbani, pamoja naye, na watoto wangu wanamsikiliza yeye zaidi ya wanavyonisikiliza mimi. Kwa wale wa kusalimiana, simameni uani msalimiane hadi mtosheke. Hayo ni maongezi, wala hayahitaji ajenda.

Kwa nini nalishikilia jambo hili mwaka huu? Kwa sababu kifunguamimba anaingia Gredi ya 10 Januari, na shule tulizoomba zote ni za bweni. Jumapili zake nyumbani zitakuwa za likizo tu. Mpwa wangu yuko misheni, na tangu Februari 2019 wamisionari wanaruhusiwa kupiga simu nyumbani kila wiki. Mama yake huipanga Jumatatu yake yote kuizunguka simu hiyo. Nikimtazama najua nasi tunakoelekea. Muda wa kumfundisha msichana huyu chini ya dari yangu unahesabika, na siko tayari kuutoa kwa kikao ambacho kingefanyika kwa simu.

Kwa hiyo tulimwendea askofu, mimi na baba watoto, tukamwomba vikao vya akidi na vya kina mama visifanyike tena Jumapili baada ya ibada. Naye ni baba mwenye watoto wadogo. Vya akidi vimehamia Alhamisi usiku, kwa simu, na visivyo na ajenda vimefutwa. Kwaya inaendelea na mazoezi, lakini kabla ya ibada, na wazazi wenye watoto wachanga wameruhusiwa kuchelewa. Mafunzo ya kigingi bado hatujayapatia suluhu, na hilo nitalipeleka kwenye baraza la kata mwezi ujao.