Roketi ya dakika kumi, mi naona inalipa

Nikianza tu stori za roketi za utafiti za Norway lazima mtu aniulize, sasa hela yote hiyo kwa kitu kinachopaa dakika kumi halafu kinadondoka baharini, hata kuzunguka dunia hakizunguki? Ndio, hakizunguki, na hapo ndo raha yake.

Angalia, puto la utafiti linaishia kama kilomita 40, satelaiti nayo ikishuka chini ya 150 hivi hewa inaikaba inaanguka, kwa hiyo ukitaka kuingia mwenyewe kwenye kilomita 60 mpaka 90, pale ambapo dhoruba ya jua inajaza elektroni anga ya ncha za dunia mpaka redio za ndege zinazopita huko zinakata, usafiri ni roketi tu. Rada wanazo, mji wa Tromsø na visiwa vya Svalbard huko kaskazini, ila rada inakupa wastani wa eneo kubwa, ni kama kumjua mpishi kwa harufu ya pilau ya jirani.

Hata juu zaidi, satelaiti inakofika, bado mi nachagua roketi. Satelaiti inapita kilomita 7 na kitu kwa sekunde, roketi inaenda taratibu. Desemba 2008 roketi ya ICI-2 ya Chuo Kikuu cha Oslo ilirushwa kutoka Ny-Ålesund, hukohuko Svalbard, digrii 79 kaskazini, ikapanda zaidi ya kilomita 300, imebeba visindano vya milimita 25, kila kimoja na volti yake, vinavyonasa elektroni, na ukilinganisha mkondo wa umeme wa kila sindano unapata msongamano wa elektroni bila hata kujua joto lao, na vinapima maelfu ya mara kwa sekunde, yaani mabonge ya elektroni yanayovuruga redio na GPS unayaona mpaka vipande vya chini ya mita moja!! Akili sana aisee.

Na wenzetu hawajaanza jana, roketi ya Ferdinand 1 iliyoruka kisiwa cha Andøya Agosti 1962 nayo ilifuata ayonosfia hiyohiyo, yaani hilo tabaka la juu la hewa lenye elektroni. (Ile roketi ya Januari 1995 ilienda kuchunguza mianga ya kaskazini, ile mianga ya rangi angani usiku, Warusi wakadhani kombora, rais wao Yeltsin akafunguliwa mkoba wa kuamuru silaha za nyuklia. Norway walishatoa taarifa mapema, haikufika kwa walinzi wa rada.)

Kinachonikera ni picha, kila mtu anaposti mwanga wa kijani wa kaskazini, visindano hakuna anayeviposti.